Dakika Tano kwa Gari

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu "ni dakika tano tu kwa gari," nasikia kinyaa. Najua ni maneno ya kawaida, ya madalali wa nyumba na watu wa hoteli. Lakini mimi niliyaandika mara nyingi mno, na niliyaandika nikiwa nimefungiwa Doonside kipindi kizima cha baridi, siruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni pangu, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa yetu kana kwamba sisi wa magharibi ya Sydney ndio tuliouzaa ule ugonjwa. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa na kuwaeleza watu nisiowajua jinsi ya kufika katika mji mdogo wa Marekani ambao sijaukanyaga na sitaki kuukanyaga. Dakika tano hadi mahakama ya zamani. Dakika tano hadi daraja la mbao. Dakika tano hadi nyumba kubwa yenye nguzo nyeupe. Hiyo nyumba nitaifikia, lakini kwanza niseme nilivyoingia katika uchafu huo.

Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawabadilisha, nawakata kucha, nawasikiliza wakinieleza habari moja mara nne. Watu hunikunjia pua nikiwaambia, ati kazi ya kinyaa. Hawajui kinyaa. Mzee akijichafua unachukua maji ya uvuguvugu na kitambaa, na baada ya robo saa yuko safi na mnacheka. Ule mwaka wa pili wa korona shule zilifungwa tena, na binti yangu alikuwa na miaka kumi. Baba yake tumeachana zamani, yuko Perth, upande wa pili wa Australia, na Perth wakati huo walikuwa wamefunga mpaka wao kama mchoyo aliyejifungia na nyama. Jirani wa kumwachia mtoto hakuna, maana kuingia nyumba ya mtu kulikuwa marufuku. Basi nikaacha zamu zangu, tukabaki wawili, meza moja ya jikoni, kompyuta moja.

Kaka mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyenipa ile kazi nyingine. Ni Mkenya mwenzangu, mtu wa Nairobi, mwuguzi, anakaa Seven Hills. Wakenya wanaijua kazi hiyo: mtu mmoja ana akaunti kwenye mtandao wa waandishi, Wamarekani wanaleta oda, yeye anazigawa kwa watu wake, sisi tunaandika, na jina linalotokea ni lake. Wengine huwaandikia wanafunzi wa vyuo insha zao. Yeye aliniapia kwamba insha hagusi, ni dhambi, yeye anashughulika na kurasa za tovuti tu. Nikasema moyoni, afadhali, huyu ana dhamiri.

"Sista, hii kazi ni mteremko," aliniambia kwa simu, maana Seven Hills ilikuwa nje ya zile kilomita zangu tano. "Unaandika huku unapika. Na wewe ni mtu wa Mombasa, maneno matamu ndiyo yenu."

Nikaona ni sifa. Binadamu ni mjinga akisifiwa.

Kulikuwa na watu fulani huko Marekani wanaotengeneza tovuti za miji midogo, ile ambayo treni haisimami tena. Kila mji ulitakiwa uwe na ukurasa wenye sehemu mbili: mji uko wapi, na sehemu gani za kihistoria ziko jirani. Uko saa ngapi kutoka uwanja wa ndege, unatoka barabara kuu kwa njia ipi, mto uko upande gani. Halafu mgeni akishafika, aone nini. Ndivyo nilivyoandika juu ya miji isiyopungua saba, na kama ni kusema kweli, mwanzoni nilifurahi. Mimi niliyekuwa nahesabu hatua zangu kutoka nyumbani hadi dukani, barakoa usoni, naogopa hata kukohoa, nilikuwa nazunguka Marekani kwa vidole. Niliandika juu ya vinu vya mahindi na madaraja na kanisa ambalo mnara wake ulipigwa na radi. Naandika kwanza kwa kalamu katika daftari, ndivyo nilivyozoea tangu shule, halafu ndipo naingiza kwenye kompyuta. Daftari lenyewe tulikuwa tukigawana, mimi naanza mbele, binti yangu anapiga hesabu zake za sehemu nyuma.

Kisha ukaja ule mji wa kusini.

Siutaji jina. Ulikuwa na mahakama ya matofali mekundu, stesheni iliyogeuzwa mkahawa, daraja ambapo wanajeshi waliwahi kupigana, na nje kidogo ya mji, nyumba kubwa ya shamba la pamba. Wenye nyumba hiyo ndio walioagiza ukurasa uandikwe, maana sasa ni nyumba ya wageni na ya harusi. Oda ilikuja na masharti. Maneno yawe changamfu. Yasiwe na siasa. Yasiwe mazito. Neno moja lilikuwa limekatazwa kabisa, na hata katika kulikataza hawakuliandika. Waliandika tu kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi shambani zamani waitwe wafanyakazi.

Nikafungua picha. Nyumba ina nguzo nyeupe nene ambazo watu watatu hawawezi kuzikumbatia. Mbele yake bibi harusi, gauni limetandazwa kwenye ngazi. Bwana harusi anacheka. Picha ya pili, wale wale, lakini sasa wamekwenda nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba kuna vibanda. Mstari mmoja wa vibanda vya matofali, kila kimoja mlango mmoja na dirisha moja dogo. Bibi harusi ameegemea mlango wa kibanda, ameinua goti, kiatu cheupe kimekanyaga ukuta.

Katika vibanda hivyo wanalala wageni. Nilitazama kimoja baada ya kingine. Wametia taa za rangi ya asali, wametia vitanda vyenye mito minane, na kimoja, Mungu nisamehe, wamekitia bafu la mapovu katikati, pale pale ambapo pengine mama fulani alikuwa akitandika watoto wake chini. Asubuhi mgeni anatundikiwa kikapu cha mikate kwenye kitasa cha mlango. Mgeni mmoja alikuwa ameandika kwamba yeye na mumewe walilala humo kama watoto wachanga. Nilisimama, nikaenda kwenye sinki, nikanywa maji. Chakula cha mchana kilikuwa mezani nikakifunika. Binti yangu akaniuliza kama ninaumwa, akanishika paji la uso kuona kama nina homa, maana siku zile kila kitu kilikuwa korona.

Sasa hapa lazima niseme kwetu ni wapi, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilipandwa na hasira namna ile.

Nimezaliwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika mtaa wa misheni. Mtaa wetu una kanisa la mawe na kengele ya zamani, na watu wake wana majina ya Biblia na ya Kizungu, na ukiwauliza kabila lao wanazunguka. Shuleni watoto wote walikuwa na kabila. Huyu Mgiriama, huyu Mtaita, huyu Mkamba. Mimi nikauliza nyumbani. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. Akasema, "Ukiulizwa, sema wewe ni wa misheni. Yatosha." Nikamuuliza, kabla ya misheni je? Bibi aliweka ungo chini, akanizaba kofi moja, akaendelea na mchele wake. Jibu nililipata kwa watoto wenzangu njiani, wakinizomea, kwa neno lile lile ambalo Wamarekani wale hawakutaka kuliandika.

Sikumchukia bibi. Lakini nilipokuwa na mimba ya huyu binti yangu, hapa hapa Sydney, nilijiwekea nadhiri moja tu. Si kwamba atakuwa daktari. Nilisema mtoto huyu hatafundishwa kuficha alikotoka kama nilivyofundishwa mimi. Nitamwambia kila kitu, mapema, kwa kinywa changu. Akafika miaka mitano nikasema bado mdogo. Akafika minane nikasema bado mdogo. Akafika kumi, na alichojua ni kwamba mama yake ni mtu wa Mombasa, na Mombasa kuna samaki na joto.

Basi nilirudi mezani nikaendelea kutafuta, na katika ukurasa wa maktaba ya wilaya ile nikakuta orodha ya makaburi, imeandikwa na mtu mwenye subira. Makaburi ya kanisa hili, makaburi ya familia ile. Chini kabisa, mistari miwili: nyuma ya vibanda vya nyumba kubwa, kwenye miti, yapo makaburi yasiyo na majina. Mawe ya shambani yasiyochongwa, moja kichwani, moja miguuni. Ardhi imebonyea. Nikafungua ramani inayoonyesha dunia kutoka juu, nikaiona ile miti. Ukingo wa maegesho ya magari ya harusi umeigusa.

Hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa huko asingelifanya, na mtu wa kwetu asingeliona ni kosa. Kwetu mtu akiuliza njia, humwambii barabara namba fulani. Unamwambia watu. Unamwambia, ukifika kaburi la mzee fulani, pinda, mlango unaotazamana nalo ndipo. Makaburi ndiyo yasiyohama. Nyumba huuzwa, mti hukatwa, duka hubadilisha rangi, kaburi liko pale pale. Kwa hiyo niliposhika kalamu kuandika mji ule uko wapi, nilianzia makaburini. Niliandika kwamba kwenye miti, nyuma ya mstari wa vibanda, wamelala watu walioujenga mji huu. Ukisimama penye makaburi hayo, vibanda walimokuwa wakiishi viko mbele yako. Mbele ya vibanda ni nyumba kubwa waliyoijenga na kuifagia. Kutoka hapo, dakika tano kwa gari, ni mahakama walikopigwa mnada. Stesheni ni pale pamba yao ilipopakiwa. Kila kitu nilikipima kutoka kwao. Neno lile nililiandika mara nne, wazi, bila kulifunika. Nikaliingiza andiko zima kwenye kompyuta nikalituma, na jioni ile nilikula vizuri.

Asubuhi nikapata ujumbe wa sauti. Kaka wa Seven Hills alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Sista, sasa hii ni nini? Watu wanataka kwenda harusi, wewe unawapeleka matanga. Hao jamaa wamerudisha, wanasema ni nzito sana. Toa makaburi, toa hiyo stori ya mnada, weka vibe ya raha. Si unajua kupaka asali, bana."

Nikampigia. Nikamwambia, kaka, umeziona zile picha? Akasema ameziona. Nikamwambia, kuna mtu anaoga mapovu mle ndani. Akasema neno ambalo sijalisahau, na alilisema kwa upole, kama anavyowaambia wagonjwa wake: "Sista, wale walishakufa. Sisi ndio tuko hai." Akaongeza kwamba akaunti ikipata alama mbaya tutaumia watu tisa, si mimi peke yangu.

Ningekataa. Nasema leo kwa mdomo mpana kwamba ningekataa. Ukweli ni kwamba nilikaa chini nikaandika upya, na tena niliandika vizuri. Hapo ndipo ninapojiona kinyaa mwenyewe. Ingekuwa nimeandika vibaya kwa hasira, ningejisamehe. Lakini mkono ulikwenda wenyewe. Makaburi yakawa "msitu tulivu." Vibanda vikawa "nyumba ndogo za kupendeza zilizokuwa za wafanyakazi wa shamba." Mahakama ikawa "mahali ambapo wakazi walikutana kwa shughuli zao za biashara." Niliipenda hiyo sentensi ya mahakama, nikaisoma mara mbili, nikabadilisha neno moja ili iteleze. Nimesafisha mengi maishani mwangu, na kila nilichosafisha kilikuwa safi kweli. Hiki nilikisafisha kikaanza kunuka. Wakakipokea siku ile ile, wakatia nyota tano, wakaandika kwamba kinavutia sana. Kaka akanitumia vidole gumba vitatu.

Sikumwambia mtu. Nilifunga daftari, lile andiko la kwanza likabaki humo, nyuma yake hesabu za sehemu.

Wiki mbili zilipita. Wanajeshi walikuja kugonga milango mtaani kwetu kuuliza kama tuna chakula, vijana wadogo wenye haya, na bado mbwa wa jirani aliwabwekea siku nzima. Kanisa likawa kwenye skrini, na kila Jumapili kulikuwa na mtu mmoja aliyesahau kuzima sauti tukamsikia akigombana na mke wake. Maisha yalikuwa hayo. Na binti yangu akapewa kazi na mwalimu wake: kila mtoto achague mahali popote duniani, aeleze mahali hapo ni wapi na kuna mambo gani ya kale karibu, halafu awasomee wenzake.

Nilimwambia achukue Mombasa. Nikamwambia kuna ngome, kuna mji wa kale, nitamsaidia. Akanijibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza, nami hapa namweka katika Kiswahili. Akasema kila mtoto atachukua walikozaliwa wazazi wake, itachosha. Yeye ameshapata mahali, hahitaji msaada. Nikafurahi. Mama gani hafurahi mtoto akisema hahitaji msaada?

Siku ya kusoma nilikuwa nakanda unga wa chapati upande wa pili wa meza, nimejificha kamera isinione, maana nilikuwa na kilemba cha kulalia. Mwalimu wake ni msichana mchangamfu ambaye mbwa wake hupita nyuma yake kwenye skrini. Mtoto mmoja alisoma habari za Beirut, mwingine za Manila. Ikafika zamu ya wangu. Akakohoa kidogo kama mtangazaji, akaanza.

Sentensi ya kwanza nilidhani masikio yananidanganya. Ya pili nikajua. Mji wangu mdogo wa kusini, saa moja na nusu kutoka uwanja wa ndege, dakika tano tu kwa gari hadi mahakama ya matofali mekundu ambapo wakazi walikutana kwa shughuli zao za biashara. Alikuwa akisoma vizuri, sauti yake nyembamba ikipanda na kushuka mahali pake. Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga mpaka vifundoni. Msitu tulivu. Nyumba ndogo za kupendeza. Uwongo wangu ule, niliouona mtamu nikiusoma peke yangu, sasa ulikuwa unatoka katika kinywa cha mtoto niliyemnyonyesha, na ulisikika kama kitu kilichooza.

Kijana mmoja darasani akauliza kama mtu anaweza kulala katika zile nyumba ndogo. Binti yangu akasema ndiyo, na moja ina bafu. Wakashangilia. Halafu msichana mwingine, sikumwona uso, nilisikia sauti tu, akauliza, "Zamani waliokuwa wakikaa humo ni kina nani?"

Binti yangu alisita. Nilimwona akisita, nusu dakika ya mtoto, ambayo kwa mtu mzima ni kupepesa jicho. Akasema, "Wafanyakazi."

Mwalimu akasema ni kazi nzuri mno, na kwamba ndege zikianza kuruka tena, yeye mwenyewe angependa kwenda kupumzika huko.

Nilisubiri skrini izimwe. Nilimwita kwa jina lake kamili, yote matatu, ambalo kwetu ni dalili kwamba mvua inakuja.

"Hiyo habari umeitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta. Ni yako."

"Na kwenye daftari hukuona nyingine?"

"Niliiona. Ile ndefu, ya makaburi."

"Uliisoma?"

"Yote."

"Sasa mbona hukuisoma hiyo?"

Akanitazama kwa namna ya kumwonea huruma mtu mzima asiyeelewa jambo dogo. "Ile walikurudishia, Mama. Hii ndiyo waliyoikubali."

"Yule mwenzako alipouliza waliokuwa wakikaa humo ni nani, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukasema wafanyakazi."

"Wewe ndiye uliyeandika wafanyakazi."

Mkono wangu uliinuka. Siwezi kudanganya hapa pia. Uliinuka na unga wake wote, na nikauona ukiwa juu, na nikamwona bibi yangu na ungo wake wa mchele. Nikaushusha. Nilijichukia kuliko nilivyowachukia wale wenye bafu la mapovu, maana wao walifunika ya watu wasiowajua, mimi nimemfundisha mtoto wangu kufunika kabla hata hajajua cha kwake ni kipi. Miaka kumi nimekaa na nadhiri tumboni, na somo la kwanza kumpa likawa hili: kwamba ukweli upo, umeuona, umeusoma wote, lakini unatoa ule unaokubalika. Bibi angalau alipiga kofi. Kofi linakuambia kuna kitu hapa.

Sikunawa mikono. Nikamwambia kaa. Nikalifungua daftari kwa kiwiko, nikamsomea lile andiko la kwanza kwa sauti, nikiligeuza Kiswahili papo hapo, kutoka makaburini hadi vibandani, kutoka vibandani hadi nyumba kubwa, kutoka nyumba kubwa hadi mnadani. Alisikiliza akichungulia saa, kwa kuwa somo la hesabu lilikuwa karibu kuanza. Nikafika mwisho. Nilitegemea aniulize kama anaweza kurudi kwenye somo lake. Badala yake akasema, na akasema kwa Kiswahili, chake kile cha kukwaruza kwaruza:

"Na makaburi yetu, Mama? Yako wapi?"

Nikaanza kumwelekeza. Hilo nalijua, hata nikiamshwa usingizini nalijua. Nikamwambia, ukishuka kutoka barabara kuu unaiacha kengele mkono wako wa kushoto, unapita ukuta wa kanisa mpaka lango la chuma lisilofungika. Ukiingia, usifuate njia pana, fuata ile nyembamba. Kaburi la kwanza lenye saruji ya buluu ni la bibi yangu, aliyenilea. Nyuma yake, lenye msalaba uliovunjika mkono mmoja, ni la mama yake bibi. Nyuma ya hilo, ukutani kabisa, kuna jiwe dogo, nalo ni la mama yake huyo. Limeandikwa jina moja tu, la ubatizo. Halina jina la baba wala mwaka wa kuzaliwa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hawakujua. Aliletwa pale misheni na meli ya Waingereza, akiwa msichana wa umri wako. Walimtoa katika meli nyingine waliyoiteka."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake hakuna kaburi."

Alikuwa anachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Kompyuta ikalia, hesabu zimeanza, hakuifungua. Akaniuliza polepole, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananipima au anauliza kweli.

"Alikuwa mfanyakazi?"

Unga ulikuwa umekauka vidoleni mwangu na kunibana ngozi.

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa mtumwa." Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu likiwahusu watu wetu.